Maswali ya magari: mashine inasema sensa, geji inasema nini?

Barua nyingi za safari hii zimetoka Tanga na Bagamoyo, na karibu zote zinahusu ile taa nyekundu yenye picha ya birika la oili, au kodi (namba za hitilafu) za presha ya oili zilizosomwa na mashine ya kupimia gari. Zinazofanana tumezijibu pamoja. Kabla ya jibu lolote, hili moja: taa hiyo ikiwaka gari likiwa kwenye mwendo, pisha pembeni na uzime injini papo hapo. Kodi itasomwa baadaye. Injini isiyo na presha ya oili haisubiri ufike gereji, inanoki njiani.

Assalaam alaikum. Gari langu ni la Ulaya, la petroli. Mashine ilisoma P0522, fundi akabadilisha sensa ya presha ya oili. Siku mbili baadaye kodi ikarudi. Tukaweka sensa nyingine, ikarudi tena. Injini haigongi wala haina kelele. Sasa naambiwa kompyuta imekufa. Ni kweli? (Msomaji, Dunda, Bagamoyo)

Waalaikumu salaam. Kompyuta iwe ya mwisho kushukiwa. Sensa mbili zimenunuliwa na waya bado haujapimwa, na hapo ndipo pa kuanzia.

Kodi za eneo hili ni tano, ziko jirani, lakini kila moja ina lake. P0520 inasema mzunguko wa umeme wa sensa au swichi ya presha una hitilafu, bila ufafanuzi zaidi. P0521 inasema umeme unafika ila kinachosomwa hakilingani na hali ya injini. P0522 ni volti ya ishara kuwa chini mno, P0523 ni volti hiyo kuwa juu mno. P0524 peke yake ndiyo inayotamka kwamba presha yenyewe ya oili iko chini mno. Kwa hiyo kodi yako inalalamikia umeme kwanza. Hata hivyo watengenezaji hawatumii mpaka uleule, ndiyo maana tunashauri presha halisi ipimwe kwa geji walau mara moja hata kama kodi ni ya umeme.

Sensa ya gari kama lako kwa kawaida ina waya tatu: mmoja unaleta volti 5 kutoka kompyuta ya injini, wa pili ni ethi (unaorudi negativu), wa tatu unarudisha ishara. Kwenye sensa nyingi ishara huwa karibu volti 0.5 presha ikiwa sifuri, na hupanda hadi volti 4.5 presha ikifika mwisho wa kipimo. Sensa nzima haitoi sifuri kamili. Kompyuta ikiona volti 0.1 inaelewa kwamba hiyo si presha ndogo, bali ni waya uliokatika, uliogusa bodi, au sensa iliyokufa.

Pima hivi. Chomoa plagi ya sensa, washa swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, weka multimita kwenye volti 20 za DC. Ncha nyeusi ishike negativu ya betri, nyekundu iguse matundu ya plagi moja baada ya jingine. Tundu moja litoe takriban volti 5. Usilazimishe ncha nene iingie kwenye tundu, maana kidude cha shaba kinatanuka na hakitashika tena pini ya sensa. Utakuwa umezalisha hitilafu ya kuja na kuondoka ambayo itamsumbua kila fundi atakayekufuata. Tumia pini nyembamba, uiingize kwa upande wa nyuma wa plagi.

Volti 5 zisipokuwapo, usikimbilie kompyuta. Umeme huo mara nyingi unagawiwa kwa sensa kadhaa, na moja ikipiga shoti ndani inazizima zote. Katika hali hiyo utakuta pia kodi kama P0641 au P0651, na sensa nyingine zikilalamika. Chomoa sensa zilizo kwenye mstari huo moja moja huku ukitazama multimita. Ukichomoa ile mbovu, volti 5 zinarudi zenyewe. Zisiporudi, fuatilia waya wenyewe.

Zikiwapo, hamisha ncha nyeusi kutoka kwenye betri uiweke kwenye tundu la ethi la plagi hiyohiyo. Usome 5 vilevile. Ukisoma 4.2, au namba zinacheza, ethi ni mbovu, ingawa ethi iliyokatika huzaa zaidi P0523 kuliko P0522.

Sasa waya wa ishara. Plagi ikiwa bado nje, soma volti ya sensa kwenye mashine. Kama imeruka hadi karibu 5, waya na kompyuta ni wazima, na aliyekuwa akiivuta ishara chini ni sensa. Kama imebaki sifuri, usihukumu bado, kwa kuwa kompyuta nyingine zimeundwa ishara ishuke plagi ikitoka. Chukua rizista ya ohm 1,000, uitumie kuunganisha tundu la volti 5 na tundu la ishara. Mashine ikionyesha ishara imepanda, waya ni mzima. Isipopanda, waya umekatika au unagusa bodi mahali fulani kati ya sensa na kompyuta.

Kwa kodi inayorudi baada ya siku mbili, na kwa gari linalolala karibu na bahari, dau letu liko kwenye plagi. Hewa ya chumvi ikikutana na maji ya kuoshea injini kwa presha, shaba huota ukungu wa kijani ndani ya plagi, na mara nyingine chini ya ganda la waya ambako huoni kitu. Injini ikiwa inaunguruma, tikisa na vuta kidogo waya huku msaidizi anatazama namba kwenye mashine. Zikiruka, mahali pamepatikana. Kata waya mpaka ufikie shaba inayong'aa, funga kichwa kipya, lehemu, kisha vika mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Kusokota waya na kuzungushia tepu nyeusi hakudumu misimu miwili ya mvua hapa pwani.

Shikamoo mhariri. Naendesha Probox yenye injini ya 1NZ, safari za Tanga na Lushoto. Kupanda kutoka Mombo hakuna tatizo, ila nikifika na kusimama, kwenye sailensi (injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta) taa ya oili inamemeta. Nikikanyaga mafuta kidogo inazima. Gari limepimwa kwa mashine mara mbili, hakuna kodi hata moja. Fundi anasema ni swichi tu, tukate waya. (Dereva, Ngamiani, Tanga)

Marahaba. Waya usikatwe.

Mashine kutosoma kodi si habari njema kwako. Kwenye Toyota nyingi za kizazi hicho, swichi ya presha ya oili inawasha taa ya dashibodi tu. Haimo katika orodha ya vitu ambavyo kompyuta ya injini inavikagua. Presha inaweza kushuka hadi sifuri na mashine ikaandika kwamba gari ni safi.

Swichi yenyewe ni rahisi kuielewa. Ina waya mmoja, na ethi inaipata kupitia bloku (mwili wa injini). Injini ikiwa imezimwa inagusa bodi na taa inawaka. Presha ikipita takriban bar 0.2 hadi 0.5, kulingana na swichi, inaachia na taa inazima. Kwa hiyo taa inayomemeta kwenye sailensi baada ya injini kupata moto inakuambia jambo moja kati ya mawili: swichi imechoka, au presha yako inaelea palepale kwenye mpaka huo. Oili ya moto ni nyepesi, na pampu kwenye sailensi inazunguka polepole. Udhaifu wote wa injini hujitokeza wakati huo. Ndiyo maana mlimani, ambako mizunguko iko juu, hukuona kitu.

Anza na kisichogharimu. Simamisha gari mahali pa tambarare, zima, subiri dakika 10, chomoa kijiti cha kupimia oili, futa, rudisha, soma. Injini hii inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Ikiwa iko chini ya alama, ongeza mpaka alama ya juu bila kuipita, kisha uliza oili imekwenda wapi. Nusa kijiti pia: kikinuka petroli, oili imechanganyika na mafuta na imepoteza uzito, imwage.

Kisha geji. Huu ndio moyo wa jibu letu, na ni kazi ya nusu saa. Chemsha injini mpaka ifikie joto lake la kazi, izime, chomoa waya wa swichi, fungua swichi kwa soketi ndefu namba 24, na mahali pake funga geji ya presha ya oili yenye mpira mrefu. Uzi wa swichi za Toyota ni wa inchi 1/8 wa Kijapani, nyuzi 28 kwa inchi. Kiungo cha Kimarekani cha ukubwa huohuo kina nyuzi 27. Kinaingia mizunguko miwili halafu kinaanza kula uzi wa bloku. Angalia kabla ya kukaza. Laza mpira mbali na feni na mkanda, washa, hakikisha hakuna kinachovuja.

Kwa 1NZ-FE yenye joto, mwongozo unataka kPa 29 au zaidi kwenye sailensi, na kati ya kPa 150 na 550 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Geji nyingi za madukani zimeandikwa psi, basi kumbuka kwamba bar 1 ni kPa 100, sawa na psi 14.5. Ukiona bar 1 kwenye sailensi na bar 3 kwenye mizunguko 3,000, injini ni nzima, nunua swichi. Ukiona kPa 25 kwenye sailensi na 140 kwenye 3,000, swichi yako ilikuwa ikisema kweli, na aliyekuambia ukate waya angekugharimu injini.

Presha ikiwa ndogo, tafuta kwa mpangilio. Badilisha oili na filta kwanza, oili ya uzito uliopendekezwa, filta ya kuaminika, upime tena. Bado? Shusha sampu (bakuli la oili chini ya injini) utazame kichujio cha pampu. Gari lililokaa muda mrefu na oili bila kubadilishwa hujaza tope jeusi kwenye wavu huo, na pampu inabaki kunyonya kama mtu anayekunywa kwa mrija ulioziba. Utakuta pia vipande vya silikoni, kwa sababu sampu ilifungwa kwa kupaka silikoni kama siagi. Ilihitaji ukanda mwembamba tu, wa milimita 3 hivi. Tazama vali ya kupunguza presha kwenye pampu: ikikwama wazi, oili inarudi sampu kabla ya kufika kwenye krenki (mhimili mkuu wa injini). Mwisho kabisa ni pampu iliyolika na beringi za krenki zilizopanuka. Beringi zina dalili yake: presha nzuri asubuhi, inaporomoka moto ukipanda, pamoja na mlio mzito wa kugonga kutoka chini ukikanyaga mafuta.

Kuna ushauri unaouzwa sana stendi, wa kuweka 20W-50 ili taa izime. Itazima, kweli. Oili nzito inapita kwa shida kwenye nafasi zilizopanuka na presha inapanda kwenye geji. Lakini injini hii ina VVT-i (mfumo wa kubadilisha muda wa kufunguka kwa vali), inayotumia oili hiyohiyo kupitia njia nyembamba na wavu mdogo, na kichujio kilichoziba kinapata shida zaidi kunyonya oili nzito asubuhi. Pima kwanza, ukijua beringi ndizo, uamuzi wa uzito wa oili mpaka siku ya matengenezo ni wako na fundi wako, mkiwa mnajua mnachofanya.

Asubuhi taa ya oili inachelewa kuzima sekunde mbili tatu na injini inagongagonga kidogo, halafu kunatulia. Mchana haitokei. (Pangani)

Filta. Ndani yake kuna ulimi wa mpira unaozuia oili isirudi sampu usiku. Filta za bei ya chini zina ulimi mgumu usioziba, kwa hiyo asubuhi pampu inaanza kwa kujaza njia tupu. Weka nyingine iliyo bora, na kabla ya kuifunga, kama inafungwa mdomo ukiwa juu, ijaze oili. Ikiendelea, pima presha.

Mhariri, gari langu lina kipimo cha presha kwenye dashibodi. Kodi ni P0521. Mshale hausogei sana, hata nikizima injini na kuacha swichi ya ufunguo wazi unabaki katikati. Nisimamishe gari? (Baba wa watoto wanne, Raskazone, Tanga)

Umeshajipimia jambo la maana bila kujua. Injini iliyozimwa dakika kadhaa haina presha. Sensa inayosema bar 2 wakati huo inasema uongo, na kompyuta imegundua hivyo, ndiyo maana ya P0521. Thibitisha kwa mashine: fungua data za moja kwa moja, swichi ya ufunguo ikiwa wazi na injini imezimwa, usome presha. Ikiwa si sifuri au karibu yake, na ishara iko juu ya volti 0.5 kwa mbali, chomoa plagi. Namba ikiruka mahali pengine, sensa imeganda. Ikibaki palepale, tatizo liko kwenye waya au kwenye dashibodi.

Ila usiishie hapo. Sensa iliyoganda haikuambii kama presha halisi ni nzuri au mbaya, maana hukuwa na macho kwa muda wote huo. Siku ya kuibadilisha, funga geji kwanza kwenye tundu lake, soma, kisha ufunge sensa mpya. Mpaka siku hiyo gari lipumzike. Ukumbuke pia kwamba magari mengi ya karibuni yana pampu inayobadilisha presha kwa amri ya kompyuta. Kwenye hayo P0521 inaweza kuletwa na vali ya umeme ya pampu au oili ya uzito usio wake, na sensa ikawa haina kosa.

Nimefungua plagi ya swichi ya oili nikakuta imejaa oili ndani. Gari linatembea vizuri. Nifute tu? (Dada wa Magomeni, Bagamoyo)

Hapana, dada. Ngozi ya ndani ya swichi imepasuka na presha inasukuma oili kupitia mwilini mwake. Leo ni tone. Ikipasuka zaidi, oili inaweza kumwagika injini ikiwa kwenye mwendo. Isitoshe, oili hutambaa ndani ya ganda la waya, ikipanda kati ya nyuzi za shaba mpaka plagi inayofuata, na ikaharibu mguso mbali na ilipoanzia. Badilisha swichi, safisha plagi kwa dawa ya kupuliza ya vifaa vya umeme (petroli inavimbisha raba yake), iache ikauke. Baada ya wiki moja ifungue tena utazame: ikiwa na oili, ni ile iliyobaki ndani ya waya inateremka, au swichi mpya nayo ni mbovu.

Ford Ranger ya dizeli ya 2.2. Tulimwaga oili jioni, tukaiacha ichuruzike usiku kucha ili itoke yote. Asubuhi tumejaza, tumewasha, taa haizimi. (Makurunge, Bagamoyo)

Zima na usiwashe tena, hata kwa sekunde tano. Kwenye injini hii maelekezo ya Ford ni kwamba oili isikae nje zaidi ya dakika 10, kwa sababu pampu ikikauka inaweza kushindwa kunyonya tena. Kila mara unapojaribu, krenki na tabo (turbo) vinazunguka vikavu. Ivutwe hadi gereji yenye kifaa cha kusukuma oili kwa presha kuingia kwenye njia za injini, ili pampu ijazwe kabla ya kuzungushwa. Presha ikirudi, isikilizwe kwa makini tabo na sehemu ya chini, kwa kuwa dakika ile ya kwanza huenda imeacha alama. Swichi na sensa zisiguswe kabla ya hapo. Katika habari hii hazina kosa.

Najifunza ufundi wa magari hapa Tanga. Nikifunga swichi mpya ya oili nizungushie ile tepu nyeupe ya mafundi bomba? Na nitajuaje swichi ya dukani ndiyo yenyewe? (Chumbageni)

Tepu nyeupe iache kwa mabomba. Swichi ya waya mmoja inapata ethi kwa uzi wake. Tepu nene inaweza kukata mguso huo na taa isiwake kamwe, hata siku ya hatari. Vipande vyake pia huchanika na kuingia kwenye njia ya oili. Tumia dawa ya kuzibia uzi, kidogo tu, ukiacha nyuzi mbili au tatu za mwanzo bila kupakwa. Uzi huu ni wa mchongoko, unajibana kadiri unavyoingia, kwa hiyo usikaze kwa nguvu zote: kwenye 1NZ ni Nm 15, ambayo ni mkono mmoja na spana fupi. Bloku ni ya alumini. Ikipasuka pale, swichi ya bei ndogo imeleta kazi ya wiki nzima.

Dukani, linganisha namba iliyoandikwa mwilini na ile ya zamani, idadi ya pini, uzi, na umbo la plagi. Swichi mbili zinaweza kufanana kabisa kwa macho na zikaachia kwenye presha tofauti. Ya mtumba ipime kabla ya kulipa: weka multimita kwenye ohm, ncha moja kwenye pini, nyingine kwenye mwili wa chuma, ikae karibu na sifuri. Kisha puliza hewa ya kompresa polepole kwenye tundu lake, bar 1 inatosha, na mguso ukatike. Usipokatika, irudishe kaunta.

Ukishafunga, washa injini na uhesabu: taa izime ndani ya sekunde chache. Acha ipate moto, kausha kitako cha swichi kwa kitambaa, subiri dakika tano, pitisha kidole. Kikibaki kikavu, futa kodi kama zilikuwapo, endesha mpaka injini ipoe na kupata moto tena mara mbili, usome mashine upya kabla ya kumkabidhi mwenye gari funguo.